Mahari ya Ukutani

Esna, Misri
3 Desemba 1978

Mpendwa shangazi Widadi,

Hujambo huko Kuwait? Na mguu wako, umeacha kukusumbua? Bwana Lutfi na watoto wanaendeleaje? Hapa tu wazima sote, isipokuwa vidole viwili, na habari yake nitakueleza.

Kwanza lakini: nimeolewa, shangazi! Leo siku ya arobaini, na nikisikia viatu vyake mlangoni bado moyo unanienda mbio. Jina lake Shauki, mchoraji. Beirut alichora watakatifu kanisani, yeye Mwislamu, na padri akamlisha samaki kila Ijumaa. Baghdad alichora nyuso za waigizaji kwenye mbao za sinema, jicho moja tu kubwa kama mlango wetu. Basra aliandika majina ya meli, akining'inia kwa kamba juu ya maji. Kila mji umemwachia rangi kwenye kucha, nami nazibusu moja moja.

Kaka yako, baba yangu, alimwita "mpaka rangi" tu. Shauki alipokuja kuniposa, baba alikuwa anajiandaa kwenda kuhiji. Akamwambia, "Sitaki mahari nyingine. Nichoree hija yangu kwenye ukuta wa mbele, nikirudi niikute tayari kama mahujaji wenzangu. Na utumie rangi ya chokaa, ile rahisi. Usiniletee madoido yako." Tukaoana, baba akaondoka.

Unajua kwamba safari hiyo mama aliahidiwa tangu mimi nanyonya. Nguo zake nyeupe alishazishona, zimekaa sandukuni hadi zimeanza kugeuka rangi. Baba alimwacha mlangoni. "Nikuchukue, ng'ombe atakamuliwa na nani?"

Shauki akachora meli, Kaaba, na baba amesimama na fimbo yake. Halafu, bila kuniambia hata mimi, akafungua mkebe wa mwisho wa rangi ya meli aliorudi nao kutoka Basra, akamchora mama kando ya Kaaba, ndani ya zile nguo zake, ameinua mikono. Mama alipoiona alishika mlango asianguke. Nilimpenda Shauki mara ya pili siku ile.

Siku ya sita baba akarudi. Kibali alichouziwa kilikuwa cha uongo, maofisa wakamrudisha bandarini Suez mbele ya watu. Yeye hajahiji, na ukutani ameshahiji! Unawajua watu wetu.

"Karibu, Haji wa Ukutani! Bahari ilikuwa shwari?"

"Zamzam yetu iko wapi, Haji? Au nayo umeichora?"

Baba akawapita moja kwa moja. Aliingia kwetu akambana Shauki, akampiga vidole vya mkono wa kuume kwa fimbo ileile ya kwenye picha. Viwili vilivunjika, nilisikia. Kisha akasema, "Sasa kafute." Shauki akamwonyesha mkono. Baba akaapa kwamba ukuta utakuwa mweupe kabla ya Ijumaa. Mahari ikifutika hakuna ndoa, na mimi nirudi kwake.

Mwenye kufuta amemvunja mwenyewe, basi ikabidi apande ngazi yeye, na ndoo na ufagio, kijiji kizima kimekaa chini kinakunywa chai. Upande wake ulitoka kwa maji tu, shangazi. Uso ulianza, fimbo ikafuata. Nilitazama na sikumhurumia. Upande wa mama aliupaka chokaa mara nne. Kila ilipokauka ilibanduka, mama akatokea, mikono juu.

Ijumaa nilikwenda kwa baba. Nilimwacha Shauki kitandani, hawezi kufunga hata kifungo cha shati. Mama alikuwa ameweka kiti mbele ya ukuta. Baba akaniambia, "Ingia ndani."

Mama hakuwahi kumkatiza maisha yake yote. Akanyoosha kidole.

"Mahari ya mwanangu ile pale. Ukiweza kunifuta, nifute. Wewe Nargisi, unasimama nini? Mumeo atalishwa na nani?"

Nilikimbia njia nzima. Nilipika bamia, nikamlisha kwa mkono wangu. Mganga wa mifupa anasema kidole kimoja hakitakunjika tena. Shauki anajifunza kuchora kwa kushoto, na mchoro wa kwanza ni mimi, nimepinda kama mkia wa mbuzi. Nimeutundika juu ya kitanda.

Baba sasa hupita mlango wa nyuma.

Nisalimie bwana Lutfi, Munira na mdogo wake Hatemu. Mungu akupe safari uitamaniyo, na mtu wa kwenda nawe.

Wako akupendaye sana,
Nargisi, mke wa Shauki