Skrini Iliyokataa Kidole

Jumatatu, 9 Juni

Kliniki saa tatu. Nimemvisha Rose sweta ya buluu, nimemfunga mkanda, nimegusa skrini ya redio ya gari ili nyimbo zianze. Hazikuanza. Nimegusa tena. Nimebonyeza kwa kidole gumba. Ramani tu, ile ya Japani iliyokuja na gari, inayodai tuko katikati ya bahari wakati tuko Munyaka.

Kimya hadi hospitalini. Kimya kurudi.

Niandike wazi. Tangu Machi mke wangu hajasema neno. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia na maneno yote. Lakini ndani ya gari, nyimbo za kwaya yao zikilia, anaimba. Maneno safi, hata yale magumu. Wimbo wa tatu anauanzisha yeye mwenyewe kwenye rekodi, na hapo ndipo anapofungua mdomo. Daktari alisema hutokea, kwamba kuimba kunakaa mahali pengine kichwani. Basi Jumatatu na Alhamisi, kwenda na kurudi, nasikia sauti ya mke wangu.

Leo sikuisikia.

Jumanne, 10 Juni

Nimeipangusa kwa kitambaa cha maji. Kwa spiriti. Nimebandua plastiki ya juu. Bure. Fyuzi zote nzima. Vitufe vya pembeni vinafanya kazi, stesheni zinashika. Kugusa ndiko kulikokufa, na nyimbo ziko nyuma ya kugusa.

CD yenyewe ya kwaya ilivunjika miaka mingi iliyopita. Tuliicheza humo mara moja tu, redio ikajirekodia bila kuambiwa. Studio iliyowarekodi ilishafungwa. Kwa hiyo nyimbo ziko kwenye dashibodi na hakuna pengine.

Nekesa amepiga simu kutoka Nairobi. "Baba, si utafute tu fundi?" Miaka thelathini na mbili nimetengeneza redio katika mji huu. Wazazi wa hao mafundi waliniletea redio zao. Eti nitafute fundi.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya ninachokijua. Redio ikikwama, inyime stima, ipumzike, irudishie. Ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, na nikawafundisha wengine. Nimefungua waya wa betri, nikaenda kunywa chai. Dakika kumi. Nikarudisha.

Skrini ikawaka nyeusi. Maandishi ya Kijapani na visanduku vinne vya kujaza namba. Sina namba. Aliyeniuzia gari hana namba, na alicheka nilipomwuliza. Hata ile bahari imepotea.

Nimeipiga dashibodi kofi. Zile za zamani zilikuwa zinasikia kofi.

Alhamisi, 12 Juni

Kliniki. Njiani nimejaribu nyimbo nyingine za dini kwa simu. Rose aliangalia nje, mdomo umefungwa. Aligeuka mara moja akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi.

Nimemwambia kesho itakuwa imepona. Nimesema uongo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimewatafuta wanakwaya wa zamani. Wengi wamehama, wawili wamefariki. Mama Wanjiru mwenye duka hapa chini alikuwa anaimba alto pamoja na Rose. Amekumbuka kwamba CD yake aliipeleka kwa dada yake anayeishi kule Ziwa. Hakusema kwa nini, alipangusa tu kaunta. Nimemwacha Rose kwa jirani, nikaenda saa hiyo hiyo.

Siku ya soko, ng'ombe barabarani, matope hadi kwenye milango. Dada mtu alinipokea vizuri. Nilipomweleza, alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye shamba la mtama. CD zote zimening'inizwa kwa kamba za katani. Za kufukuza ndege.

"Pole Baba Nekesa. Mimi nilijua hakuna mtu anaskiza hizo siku hizi."

Niliipata ya kwaya. Jina limepauka, upande wa chini umekuwa kama kioo cha bafu kuukuu. Jua la mwaka mzima na mvua. Niliifuta kwa shati. Ndege walikuwa wamejaa kwenye mtama, hawaziogopi hata kidogo.

Amenipa maziwa lita mbili. Nilikuwa na hasira na bado nikashukuru.

Jumatatu, 16 Juni

Hatukwenda kliniki. Nimepeleka gari kwa fundi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa mkuu ni mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Anaitwa Chebet, anafanya redio za magari karibu na soko. Mikono myepesi, haongei ovyo. Nilitaka kumdharau nikashindwa. Aliitoa redio yote, akaigeuza, akanionyesha utepe mwembamba wa waya unaounganisha kioo na mashine. Umelegea. Aliusukuma kwa ukucha. Ndio ulikuwa ugonjwa wote.

Kisha akasoma namba za mgongoni, akampigia mtu, akapata zile namba nne. Ikafunguka. Nilimwonyesha mahali nyimbo zilipokuwa. Aliingia, akatoka, akaingia tena.

"Mzee, hapa hakuna kitu. Iko zero."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Hizi za kitambo zikitolewa terminal ya betri zinaweza anza upya. Ni nani alitoa?"

Nilisema sijui.

Jumanne, 17 Juni

Sikulala vizuri. Daktari alituambia damu ilikosa kufika kichwani kwa Rose dakika chache tu. Mimi niliinyima redio dakika kumi, kikombe mkononi.

Alhamisi, 19 Juni

Nilipanga kumweleza kabla hatujaondoka. Nilikuwa bado nafunga mkanda wake aliponyoosha mkono wa kushoto akagusa skrini yeye mwenyewe. Ikaitika mara moja. Ikafungua ukurasa wa nyimbo vizuri kabisa, yenye utiifu kuliko ilivyowahi kuwa. Ukurasa mtupu. Aligusa tena. Aligusa mahali pa wimbo wa tatu, panapotakiwa kuwa na wimbo wa tatu. Aligusa mpaka tukafika barabara kubwa.

Sikumweleza. Mimi ni mwoga, na nimelijua hilo nikiwa na miaka sitini na saba.

Kule kliniki, dada wa mazoezi ya kuongea aliniuliza mbona mgonjwa amerudi nyuma. Nikasingizia redio. Akasema basi nimwimbie mimi. Nimemwambia mimi siimbi. Akaandika kitu kwenye faili.

Jumapili, 22 Juni

Mvua tangu alfajiri, hatukwenda kanisani. Nimempa uji, nimemkalisha karibu na dirisha. Nikamwambia. Kwamba mimi ndiye niliyefungua betri. Kwamba nyimbo zimefutika zote, na Ziwa pia nimekosa. Sijui alielewa kiasi gani. Alikuwa ananitazama mdomo.

Halafu nikaimba. Wimbo wa tatu, ule wake. Nilianzia juu mno, sauti ikakatika. Nikaanza tena chini. Ubeti wa kwanza nusu yake sikuujua, nikawa najazia ninavyoweza. Rose akaanza kucheka. Kicheko chake hasa, cha tumboni, cha kabla ya Machi. Nikaendelea ili asiache. Kisha kicheko kikapinda kikawa kilio, na uji ukamwagika.

Sikujua nimshike wapi. Nilimshika mkono, nikaufinya, nikasubiri anifinye. Ulikuwa wa kulia, ule wa kiharusi. Nikauweka mapajani pake taratibu, nikazunguka kiti, nikashika wa kushoto.