Somo la Pua

Mwenzangu uko wapi? Soma hii.

Nimeenda kumchukua binti yangu chekechea, nikafika mapema, nikasimama dirishani. Mwalimu anawafundisha milango ya fahamu, leo ni zamu ya pua. Mtoto anafungwa kitambaa machoni, anamnusa mwenzake, anamtaja. Wengi wanakosea, wanacheka, mchezo mzuri tu.

Ikafika zamu ya wangu kunuswa. Wa kwanza akamtaja papo hapo. Wa pili papo hapo. Wote.

Unajua mwalimu kasema nini? "Huyu hata mwenye mafua angemjua. Kibatari chetu hiki."

Kibatari. Mtoto mdogo vile. Eti kwa sababu mimi mama yake nauza mafuta ya taa na jioni nakaa naye kibandani.

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe anajipangusa machozi kwa kucheka. Kibatari, mwenzangu. Na mimi namuogesha kila asubuhi kwa mikono yangu hii.

Sikuingia. Nikaondoka dirishani, nikamsubiri mwanangu mlangoni.

Katoka mbio, kanirukia: "Mama, mimi ndiye nimeshinda! Wote wamenijua!"

Nikamwambia hongera mwanangu.

Kesho naenda kabla ya kengele, na nguo zangu za kazi hivi hivi. Nitamsogelea mwalimu anipate harufu vizuri, kisha aniite mimi hilo jina. Liishie kwangu, kabla mwanangu hajaelewa walikuwa wanacheka nini.