Jiko Chumbani

Jumatatu, 14 Julai
Baridi. Nimepika uji, nimemvalisha Faraja sweta juu ya sweta. Kichwa kinamuuma tena. Nikamwambia ni baridi tu, jua likitoka kitaacha. Kaenda shule anaburuta miguu.
Mimi na ndoo yangu ya maandazi mpaka sokoni Mlandege. Watu wanauliza Baba Faraja anarudi lini. Yuko safari, nasema. Uso mkavu kabisa. Safari gani hiyo tangu Pasaka, jamani.

Jumanne, 15 Julai
Nimeitwa shuleni na Mwalimu Sanga, yule mama mtu mzima wa darasa la pili. Kila asubuhi anasimama getini, anamshika mkono kila mtoto, anamuuliza umelalaje, umekula nini. Nilidhani ni madoido. Kumbe majibu anayaweka moyoni.
Anasema Faraja anasinzia darasani. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, ikifika saa nne kimeacha.
Akanisalimu kwa kilugha: "Kamwene, Mama Faraja. Nyumbani mnaendeleaje?"
Vizuri, mwalimu. Mnajifunika nini? Blanketi. Jiko la mkaa linaingia chumbani? Nikacheka. Sisi tunapikia nje, mwalimu.
Uongo mtupu. Blanketi zito aliondoka nalo Baba Faraja, eti la kulalia kwenye lori. Sasa liko Mbalizi kwenye kitanda cha mwanamke mwingine. Sisi tuna shuka na vitenge. Jiko ndilo linatupasha. Na siingizi moshi mie, nasubiri mkaa ukolee uwe mwekundu ndipo naleta ndani. Huku kwetu nani hafanyi hivyo? Mama alitulea hivyo hivyo.

Jumatano, 16 Julai
Nimemfundisha Faraja. Mwalimu akiuliza, baba yupo safari na jiko linakaa nje. Karudia mpaka kashika. Ana miaka minane.
Najisikia vibaya. Na hasira vilevile. Mambo ya chumbani kwangu yanamhusu nini?

Ijumaa, 18 Julai
Leo chai ya wazazi. Shule imeanzisha utaratibu huo mwaka huu. Wazazi wote wanaitwa, mwenye nacho na asiye nacho, wanakunywa chai na viazi vitamu, halafu kila mmoja anaingia peke yake kuongea na mwalimu. Makusudi, ili asijulikane nani ana shida.
Zamu yangu ikafika. Mwalimu Sanga akasema shule haitaki kungoja mtu aanguke ndipo iulize. Akafungua kabati. Mablanketi, masweta, unga wa uji. Chukua, Mama Faraja, maneno yetu yanabaki humu humu.
Nikasema, wapeni wenye shida.
Masweta yale nayajua hata vifungo vyake. Mwaka jana tuliyakusanya sisi akina mama wa usharika, tukayaleta shuleni. Mimi ndiye niliyekuwa nayakunja, huku nawasema watakaokuja kuyachukua. Wanawake wanaojilegeza, nilisema. Leo ninyooshe mkono mimi?
Nimetoka kifua mbele. Kufika kwenye kona nikalia mpaka kamasi. Mjinga mimi.

Jumapili, 20 Julai
Sikwenda ibadani. Nitamwangalia nani usoni.
Asubuhi umande ulikuwa umeganda kwenye majani. Nimeziba chini ya mlango kwa gunia. Sasa joto halitoki.

Jumatatu, 21 Julai. Hospitali, mchana.
Naandikia gotini, sijui kama nitaweza kusoma hiki nilichoandika.
Nimeamka kichwa kinapasuka. Namwita Faraja, haitiki. Namtikisa, shingo inalegea tu. Nikasimama, nikaanguka. Nikamburuta mpaka uani. Majirani wakapiga kelele, bajaji ikaja.
Daktari akauliza, imekuwaje? Nikasema labda kala kitu kibaya.
Nilisema hivyo. Mtoto amelala mdomo wazi, na mimi nalinda jina langu! Wakatoa damu wakapime malaria. Nesi akarudi kuuliza, mama, una uhakika ni chakula? Nikasema ndiyo. Nilijua siyo. Nilikuwa najua toka uani.
Mwalimu Sanga akafika, jirani alimpitia shuleni. Nilingoja aniambie, si nilikuuliza?  Yeye kaja kasimama upande wangu, anahema, kandambili mguuni. Nikashindwa. Nikasema jiko. Jiko lilikuwa ndani, na mlango niliuziba. Nimesema kwa sauti, wodi nzima imegeuka.
Daktari hakunigombeza. Alikimbia. Wakamwekea Faraja hewa ya mtungi.
Bado hajaamka. Mungu wangu, bado.

Jumanne, 22 Julai
Kafungua macho saa moja asubuhi. Kaomba maji. Kauliza leo ni shule?
Daktari kanieleza. Mkaa ukikolea moshi unakwisha ila sumu inabaki, haionekani, hainuki. Kwa mama tulipona kwa sababu nyumba ilikuwa ya nyasi, inapitisha upepo kila upande. Kachumba kangu kana siling bodi na sakafu ya saruji, na mimi nikaongeza gunia. Ndiyo maana ya kile kichwa cha kila asubuhi.
Kwa hiyo mwalimu aliniuliza kitu chenyewe, kwa jina lake. Na mimi nikacheka. Natamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 24 Julai
Tumerudi. Mwalimu Sanga kaja jioni na mablanketi mawili na mfuko wa unga. Nimepokea. Nilishindwa hata kusema asante kama mtu mzima, nimeinama kama mwali.
Kasema yupo dada wa ustawi wa jamii anayefanya kazi na shule. Nikikubali, atamtafuta Baba Faraja ili atunze mtoto wake. Nimekubali. Nikamwambia yote, na ya Mbalizi pia. Wala hakushtuka. Kumbe nilikuwa namficha mtu aliyekwisha kuona.
Tukamenya viazi pamoja. Hakunihubiria. Afadhali angenihubiria.

Ijumaa, 25 Julai
Sikuuza kitu. Nimekaa mlangoni namwangalia Faraja akipumua. Jirani kaleta mboga. Kasema na yeye jiko lake lilikuwa linalala ndani, sasa limetoka. Aliongea taratibu, nisimsikie kwa uchungu. Nilisikia uchungu hivyo hivyo.

Jumatatu, 28 Julai
Faraja karudi shule. Nimemsindikiza mwenyewe.
Jua kidogo. Watoto wamejipanga getini. Zamu yake ikafika, Mwalimu Sanga akamshika mkono, akamuuliza umelalaje.
 Faraja aligeuka akaniangalia mimi. Anangoja nimwambie cha kusema.
 Nikamwambia, sema tu, mwanangu. Sema ilivyo.
Akasema amelala vizuri, blanketi lina joto. Ila mama analia.
Wazazi wawili watatu walikuwa nyuma yetu. Walisikia. Sikukanusha.