Ndama Aliyebaki

Jumanne, 16 Aprili

Zamu ya asubuhi maabara. Damu, mkojo, damu. Treni hadi nyumbani Upplands Väsby, wali wa jana, kisha fomu ya maombi. Tunaomba kuwinda kwenye msitu wa serikali, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kaskazini mwa Stockholm. Tuko wanne. Kiongozi ni Lennart, fundi bomba mstaafu. Yeye ndiye aliyenifundisha msitu.

Mnyama mwenyewe Waswidi wanamwita älg. Kiswahili hakina jina lake, naandika elgi. Mrefu kuliko farasi, pua imelegea kama soksi.

Jina, anwani, namba ya leseni ya bunduki. Nimetuma. Mwaka jana na mwaka juzi tulikosa kwenye bahati nasibu ya vibali.

Ijumaa, 17 Mei

Tumepata kibali. Jike mmoja aliyekomaa, ndama mmoja. Dume hatukupewa.

Lennart alipiga simu akicheka. Si kawaida yake. Nikamwambia binti yangu Zuhura, ana miaka kumi na tano. Akanijibu kwa Kiswidi, macho kwenye simu: mambo ya wazee hayo. Dada Hadija wa Rinkeby yeye alipiga kelele. "Rehema! Mwanamke wa Tanga na bunduki! Haya, usisahau Bismillah, nasi tule."

Kwa nini nawinda, wananiuliza kazini. Napenda kukaa kimya mahali ambapo hakuna anayenihitaji. Sababu nyingine sina.

Jumamosi, 24 Agosti

Mtihani wa shabaha. Elgi wa mbao anapita kwenye reli, una sekunde chache. Risasi nne, zote kifuani. Mwenzetu mmoja alinipigia makofi muda mrefu mno, kama anavyopigiwa mtoto aliyevaa viatu mwenyewe. Nilichukia.

Jumapili, 13 Oktoba

Tumekutana kwa Lennart kupanga. Kila mtu na dungu lake, yale majukwaa ya mbao ukingoni mwa msitu. Langu linatazama uwazi uliokatwa miti. Zuri kuliko yote. Nadhani amenipendelea.

Akarudia kanuni, akinitazama mimi. Ndama kwanza, mama baadaye. Ndama akibaki bila mama, baridi itammaliza. "Jike akitoka peke yake usimwamini. Subiri. Ndama yuko nyuma."

Nimechukua likizo ya siku tatu. Bunduki iko garini, imefungwa. Nimekula kidogo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Andika yote, Rehema.

Saa mbili asubuhi, ukungu umeanza kupanda. Mbwa wa Lennart akabweka mbali, mara mbili. Jike akatoka upande wa kushoto. Mkubwa. Akasimama ubavu, umbali wa hatua sabini hivi. Nilitazama nyuma yake. Hakuna kitu. Nilisubiri, lakini si sana. Nikafikiria yale makofi. Nikasema Bismillah, nikapiga.

Alienda hatua chache, akaanguka. Risasi safi. Nilifurahi. Hilo nalo liandikwe, nilifurahi sana.

Nikachukua redio kuwaambia wenzangu. Kidole kiko kwenye kitufe. Ndama akatoka kwenye misonobari.

Akamwendea mama yake, akamnusa. Ningeweza kumpiga pale pale. Kibali kilikuwepo, kanuni inataka hivyo. Mikono ilikataa. Mbwa akabweka tena, ndama akapotea.

Wenzangu walipofika wakanipa mikono, hongera, hongera. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona. Nyayo pale zilikuwa za kila mnyama.

Nikamwambia Lennart tukiwa tumeinama kutoa matumbo. "Alikuwa na ndama. Sikusubiri."

Hakuinua kichwa. Akafuta kisu kwenye mimea laini inayotanda chini ya miti kama zulia. Kisha akasema, "Basi tunamtafuta."

Jumanne, 15 Oktoba

Tumetafuta tangu alfajiri. Mbwa alishika harufu, akaipoteza kwenye kinamasi. Yule wa makofi haongei nami. Afadhali.

Nyama inaning'inia kwenye banda la Lennart. Sikutaka kuitazama.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua kutwa. Hakuna nyayo. Buti zimejaa maji. Dada Hadija kapiga simu: nyama lini? Nikamwambia inahitaji siku kadhaa. Akauliza kama nilisema Bismillah. Nilisema, Dada. Akashukuru Mungu.

Nilikata simu kabla hajauliza lingine.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kazini. Nilibandika lebo moja vibaya, nikaigundua mwenyewe. Haijawahi kutokea. Wengine wawili kwenye kikundi wamesema wao basi, wana kazi zao. Lennart kaandika ujumbe: kesho saa kumi na mbili, dungu lako.

Yeye ana miaka sabini na moja na nyonga mbaya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Baridi kali. Tulikaa mchana kutwa, mimi juu ya dungu, yeye chini ya mti ng'ambo ya uwazi. Hakuna kitu. Lakini pale mama alipoangukia kuna nyayo mpya, ndogo, na majani yamelaliwa. Anarudi. Lennart alinionyesha kwa fimbo.

Nilimuuliza kama imewahi kumtokea. "Mara moja," akasema. "Yule hatukumpata." Akaanza kushuka kwenda kwenye gari, taratibu, akishika miti.

Jumapili, 20 Oktoba

Saa moja na dakika kumi. Alikuja peke yake, akavuka uwazi bila kujificha. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Akasimama palepale, akashusha pua.

Safari hii mikono haikukataa. Bismillah. Risasi moja. Hakutembea.

Sikufurahi. Sikulia pia. Niliteremka ngazi, nikakaa karibu naye hadi Lennart alipofika, akapumzika kidogo, akanipa kahawa kutoka kwenye chupa yake. Akasema, "Vema." Tukaanza kazi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumekata na kugawana. Taarifa imeenda serikalini: jike mmoja, ndama mmoja, tarehe zake. Lennart aliijaza kwa mkono wake. Mahali pa maelezo aliandika kilichotokea, mistari miwili, bila kupunguza wala kuongeza. Akanipa nisome kabla ya kutuma. Nikasoma, nikasema ndivyo.

Jumapili, 3 Novemba

Chakula cha mchana Rinkeby kwa Dada Hadija. Pilau ya elgi, kachumbari, majirani wawili Wakongo waliosema nyama hii inafanana na ya porini kwao. Wakaondoka mapema kwenda kwenye kwaya.

Dada alipokuwa jikoni nikamweleza Zuhura. Yote, tangu jike hadi ndama. Sijui kwa nini yeye. Aliacha kula. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa shida kidogo, akitafuta maneno, "Alikuwa mkubwa namna gani?"

Nikasimama, nikaweka kiganja begani pangu.

Akautazama mkono wangu. Kisha akasogea kwenye kochi, akanipa nafasi ya kukaa.