Alichoombea Mama

Mbulu, 2 Juni 2024. Asubuhi ukungu mzito na baridi.

Mdogo wangu Gidion,

Hujambo huko melini? Sisi wazima.

Ujumbe wako nilimsomea mama wote: kwamba kulabu za kushushia mashua ya kuokolea watu zimeliwa na kutu, ofisa anaandika zimekaguliwa, nawe umepeleka taarifa kwa ile ofisi ya nje inayoficha majina. Nikamwambia ni siri. Jana kwenye sala ya jumuiya, zamu ya kutaja nia ya maombi ilipomfikia, akasema kwa sauti, "Kwa mwanangu Gidion aliyeshitaki mashua mbovu, wakubwa wa meli wasimjue." Watu wakaitikia. Oliva, mama yake Alfredi, alikuwa ameketi jirani yetu.

Nilipomlalamikia akaniuliza, "Sasa ningeombaje bila kutaja?"

Alfredi unalala naye chumba kimoja. Jihadhari.

Dada yako,
Marieta

9 Juni

Dada, shikamoo. Mimi mzima. Mama hajambo?

Alfredi alishapigiwa simu na mama yake. Alipanda mwenyewe kwenye mashua ajionee, akashika kulabu, kutu ikabaki kiganjani. Mkuu wa mabaharia alimwona. Usiku akasema kutoka kitanda cha chini, "Kaka, kwenu mnasali na kipaza sauti?" Tukacheka.

Usiandike tena habari hii. Nikijulikana nafukuzwa, na meli nyingine hainichukui.

Mdogo wako,
Gidion

Mbulu, 2 Julai. Asubuhi upepo, jua hafifu.

Gidion, hujambo? Mbona kimya? Mama anauliza kila siku. Kwenye jumuiya sasa anaombea mvua tu.

Dada yako,
Marieta

21 Julai

Dada, shikamoo. Mniwie radhi kwa kimya.

Wakaguzi walipanda melini tukiwa bandarini, wakaizuia meli mpaka kulabu zibadilishwe. Zimebadilishwa. Kisha nahodha akamtafuta aliyepeleka taarifa, na mkuu wa mabaharia akamtaja yule aliyeonekana kwenye mashua. Alfredi anarudishwa nyumbani. Aliulizwa kama ana mwenzake. Akasema hana. Nilikuwa nyuma yake, nikanyamaza.

Mdogo wako,
Gidion

Mbulu, 3 Agosti. Asubuhi baridi kali, anga jeupe.

Mdogo wangu Gidion,

Hujambo? Sisi tupo.

Alfredi amefika. Alimwamkia mama, akanywa chai, hakutaja meli.

Leo jumuiya ilisali kwetu. Zamu ilipomfikia Oliva, mama aliinamisha kichwa. Oliva akasema, "Kwa Gidion aliyebaki. Hizo kulabu mpya zimshike." Tukaitikia wote. Ikafuata zamu ya mama. Akamwonyesha aliyefuata kwa mkono aanze.

Wakati wa kutoka nilimuuliza Alfredi kama ana neno kwako. "Mwambie kitanda cha chini sasa ni chake," akasema. Safari hii hakucheka.

Sikuambii ufanye nini. Nimekaa na simu nikidhani utaandika. Nakwenda kulala, sasa ni saa tano usiku.

Dada yako,
Marieta