Jina la Oveda Katika Daftari la Sherifu

Bonde la Stillhouse,
Kaunti ya Tolliver, Kentucky.
14 Mei, 2023.

Dada yangu Oveda,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na ungekuwa hapa ningekusalimu kwa mikono miwili na sahani. Goti linaendeleaje? Umeacha kupanda ngazi kama nilivyokuambia, au bado kichwa chako kigumu kuliko goti? Sisi hatujambo. Mvua imenyesha wiki nzima, kijito kimejaa lakini hakijafika barazani, na vitunguu nimeshapanda. Afya yangu ni njema, isipokuwa moyo, na huo si wa kupelekwa kwa daktari. Utaona huko mbele.

Kwanza nikuonye. Ndani ya bahasha hii umekuta bahasha ndogo niliyoifunga kwa utepe. Usiifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua wewe. Zawadi za Krismasi ulikuwa ukizipasua pembeni na kuchungulia, halafu unasema ni mimi, Ermalee. Mara hii nisikilize mimi mdogo wako.

Barua yako ilifika Jumanne, Aprili ishirini na tano, nikaisoma nikiwa nimesimama kando ya sanduku la posta. Uliandika kwamba ofisi ya ustawi wa watoto huko Dayton imekataa kukupa mjukuu wako Delphie umlee wakati mama yake yuko hospitali akiachishwa dawa za kulevya, kwa sababu walitafuta jina lako wakakuta uliwahi kukamatwa hapa Tolliver mwaka 1989. Ukaandika kwamba hujawahi kukamatwa maishani mwako, hata kwa kuendesha gari kasi. Ukasema wanataka karatasi ya kaunti inayoeleza ulikamatwa kwa kosa gani na kesi iliishaje, na wamekupa hadi mwisho wa Mei, baada ya hapo mtoto atabaki kwa wale watu baki wanaomlea sasa. Tena ukasema Delphie ameanza kumwita yule mwanamke wa huko mama. Hapo wino ulikuwa umesambaa, nami sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Ukaniomba nimwambie Marlena atafute. Vizuri sana, maana kama kuna mtu katika kaunti hii anayejua kutafuta, ni yule niliyemzaa mimi. Sisemi kwa sababu ni mwanangu. Nasema kwa sababu ni kweli. Tangu apewe kazi ya maktaba watu wanatoka hadi kaunti ya pili kumwona. Alimtafutia mwanamke mmoja cheti cha ndoa ya bibi yake kilichokuwa kimeandikwa jina la bwana mwingine. Mchungaji wetu mwenyewe humwita "binti wa makaratasi". Mimi niliishia darasa la tisa, nikapika chakula cha watoto wa shule miaka thelathini na moja, na mtoto wangu ana shahada mbili ukutani, fremu nilinunua mimi.

Basi nilimpa barua yako. Alikaa mezani na kompyuta yake, akanieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kwanza, alisema, zile tovuti zinazokutaka uweke namba ya kadi ya benki ndipo zikuonyeshe nani alikamatwa ni kupe tu, kwa sababu daftari la waliokamatwa ni mali ya wananchi na yeyote anaweza kwenda kuomba alisome. Pili, daftari hilo liko kwa sherifu, lakini halisemi kesi iliishaje. Hilo utaliuliza kwa karani wa mahakama, ng'ambo ya barabara. Watu wengi hupata nusu ya kwanza tu wakarudi nyumbani, ndiyo maana mtu aliyeachiwa huru anabaki mhalifu mpaka kaburini. Na tatu, kompyuta ya kaunti haijui lolote la kabla ya mwaka 1997. Ya zamani yote yamo kwenye chumba cha chini cha jengo la mahakama.

Mimi nilimwambia yale ya zamani yaliharibiwa na mafuriko, asijisumbue, labda kuna Oveda Sizemore mwingine. Aliniangalia kama anavyoniangalia nikisema keki sijaigusa. Akauliza kama na huyo mwingine alizaliwa tarehe mbili Februari 1958.

Kesho yake akajaza fomu ya maombi: jina, tarehe ya kuzaliwa, mwaka, na kwamba anataka nakala ya kila kitu. Kisheria wana siku tano za kazi. Mtunza makaratasi wa sherifu bado ni Burl Gayheart, yule aliyekuwa akikufuata na gitaa lisilo na nyuzi mbili. Ana mvi lakini mdomo ni uleule. Alimwambia Marlena kwamba yeye hufukua karatasi kwa watu wasio na mama mwenye habari zote, kwa hiyo anashangaa nini kimemleta. Kisha akasema kukamatwa kwa Oveda Sizemore hakuhitaji fomu, kila mtu anakujua. Jina lako husomwa kila mwaka.

Dada, hili hulijui, na hulijui kwa sababu yangu. Unakumbuka mgomo wa migodi. Wewe ulikuwa umeshahamia Dayton miaka mitatu. Wanawake kumi na mmoja walikaa chini katikati ya barabara ya mgodini kuyazuia malori ya makaa, wakabebwa mmoja mmoja kama magunia. Basi kila Juni, Jumamosi ya pili, watu hukusanyika kwenye ukumbi wa chama cha wachimbaji, majina yale yakasomwa, kengele ikagongwa kwa kila jina, kisha tunakula maharagwe na mkate wa mahindi. Jina lako ni la tisa. Kumi ni ya kina bibi waliokufa zamani, kwa sababu wanawake wale walipoulizwa majina walitoa ya bibi zao, iwe heshima kwao na waume zao wasifukuzwe kazi. La mtu aliye hai ni lako peke yake. Watu husema Oveda alisafiri kutoka Dayton, huko Ohio, kuja kukaa nasi. Kuna mzee anaapa ulimgawia peremende siku hiyo. Nami nimekaa kwenye kiti changu nikipiga makofi, mwaka baada ya mwaka. Sasa unajua kwa nini nikikualika nyumbani huwa ni Oktoba.

Siku tano zikaisha. Alhamisi asubuhi nilikuwa nakanda unga wa mikate ya chai, Marlena akaingia bila kuvua koti. Aliweka nakala ya kadi mezani, mbali kidogo na unga. Juu imeandikwa Oveda Sizemore, tarehe yako ya kuzaliwa, kosa ni kuziba barabara ya umma. Picha hakuna, hiyo kweli ilikwenda na mafuriko. Chini kuna alama ya dole gumba la kulia. Na katikati ya alama hiyo, dada, umepita mstari mweupe, umepinda kama mwezi mchanga.

Mtoto alinishika mkono, akaliminya dole gumba langu kwenye unga uliomwagika mezani, akalitoa. Vikawa vidole viwili, cha karatasi na cha unga, na mwezi wake kila kimoja.

"Mama," akasema, "Mama Mkubwa hana kovu hili."

Kovu unalijua. Nilikuwa na miaka tisa, kifuniko cha kopo la maharagwe kikanifungua kidole hadi mfupa, na wewe ukachana upindo wa gauni lako la kanisani kunifunga, ukachapwa kwa sababu ya gauni.

Ni mimi, Oveda. Nilikaa barabarani siku ile. Mume wangu Denzil alikuwa mgomoni na mimi nilikuwa na wiki mbili tu katika jiko la shule, kazi pekee iliyokuwa inaingiza chakula ndani. Kabla hatujakaa tuliapa kwamba jina utakalolitoa barabarani ndilo jina lako, hakuna atakayelisahihisha, hata kwa mumeo. Nami nilikuwa nimejiandaa na la bibi Arminta. Lakini askari aliponiinua, kofia yake ikinigusa paji la uso, akaniuliza kwa ukali naitwa nani, bibi Arminta alipotea kabisa. Tangu utotoni, nikiogopa giza, nikiogopa mbwa, nikimwogopa baba akiwa amelewa, jina lililokuwa linanitoka ni moja tu. Likanitoka. Akauliza nimezaliwa lini, nikajibu yako bila hata kufikiri.

Wenzangu waliazima kwa wafu. Mimi niliazima kwa aliye hai.

Nilijipa moyo kwamba uko mbali, haitakufikia. Lakini nisikudanganye tena. Mwaka 1991 ulipopiga simu ukilia kwamba umenyimwa kazi ya kuendesha basi la shule, ulikuwa umefaulu mtihani wote na hawakukupa sababu, mimi nilikwambia ni kwa sababu unaongea kama mtu wa milimani. Uliamini. Tangu hapo ukikutana na watu wa ofisini unakaza ulimi usijulikane ulikotoka. Sina ushahidi kwamba ni ile kadi, lakini nilishuku. Nilishuku nikiwa bado nimeshika simu, nikanyamaza, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimepandishwa kuwa mpishi mkuu.

Nilimwambia Marlena yote pale pale, unga mikononi. Nilidhani atanifokea. Alivuta kiti akakaa, akasema kadi haiwezi kujisahihisha yenyewe. Mwenye kidole aende aape mbele ya jaji. Nikamwambia naogopa: nilimdanganya askari, nina pensheni ya shule, nina kiti changu kanisani. Nikamwomba nifikirie mpaka wiki ijayo.

"Fikiria," akasema, "lakini Delphie anahesabu siku na hajui hata kuhesabu."

Unaona nilivyomlea? Maneno machache, yote ya kuchoma.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Hazel Napier, maana wa barabarani tumebaki wanne na kiapo kilikuwa chetu sote. Nilimweleza kwamba nataka kulitoa jina langu hadharani. Hazel sasa haoni vizuri, alikuwa akimenya viazi kwa kupapasa. Alisema nilizaliwa na mdomo usiofungwa, nikanyamazia jambo moja tu maishani, na lilikuwa ndilo lisilofaa kunyamaziwa. Akasema wote watatu wamenisubiri miaka thelathini na minne. Kisha akanipa viazi nimsaidie.

Marlena akaandika kiapo, nikakitia sahihi, na juzi Ijumaa tukafika mbele ya jaji. Kijana mdogo, koti langu la baridi limemzidi umri. Upande mmoja aliweka kadi, upande wa pili alama mpya niliyochukuliwa asubuhi. Karani akasoma faili: kesi zote kumi na moja zilifutwa Agosti mwaka uleule mgomo ulipoisha, hakuna aliyehukumiwa. Mwanasheria wa kaunti akasema muda wa kunishtaki kwa lile jina la uongo ulikwisha Marlena hajazaliwa. Burl alikuwa nyuma kabisa, nasikia ameomba ruhusa kazini aje kusikiliza, na nilipotaja kovu alipenga kamasi kama tarumbeta.

Jaji akaandika amri kwamba si wewe, hukuwahi kuwa wewe, na jina lako litolewe katika daftari la sherifu na la mahakama. Marlena hakungoja hata nivae koti. Alivuka barabara, akapata mihuri yote miwili, akaituma amri Dayton kwa faksi, na kabla ya saa kumi alasiri mwanamke wa ofisi ya ustawi alikuwa amempigia kusema imefika, imesomeka, na kizuizi kimeondoka. Kilichobaki ni kuja kukagua nyumba yako Jumanne ya wiki ijayo. Basi rekebisha kile kitasa cha bafuni. Siwezi kukuahidi kitu ambacho si changu kuahidi, lakini Marlena anasema sauti ya yule mwanamke ilikuwa ya mtu anayetabasamu, na mwanangu sauti anazijua.

Nimesahau kidogo. Kabla hatujatoka, jaji aliniambia kwamba kwa kuwa kesi ilifutwa, naweza kuomba rekodi yote ifutwe, isionekane tena na mtu yeyote. Alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Hapana, mheshimiwa," nikamwambia. "Liandike langu. Ermalee Sizemore Stidham. Na herufi ziwe kubwa."

Sasa fungua bahasha ndogo. Ya juu ni amri yenye muhuri, itunze mahali pakavu. Ya chini ni nakala ya kadi ya zamani. Sikuitia kwa sababu ofisi inaitaka. Nimeitia ukitazame hicho kidole ulichokifunga wewe, uamue mwenyewe unifanye nini. Usinijibu haraka ukiwa na hasira, wala usinijibu haraka kwa huruma. Ile kazi ya basi siwezi kukurudishia.

Lakini Jumamosi ya pili ya Juni ni tarehe kumi. Wakikupa mtoto, njoo naye. Kama bado hawajakupa, njoo mwenyewe. Safari hii nakualika Juni. Nimeshafua mashuka ya chumba cha mbele. Watakapofika jina la tisa watasoma langu, na kengele italia. Mimi nimekupigia makofi miaka thelathini na minne, Oveda, kwa jambo ambalo hukulifanya. Nipigie mara moja tu.

Leo ni sikukuu ya akina mama, Marlena ameniletea maua na ananiita mezani chakula kisipoe. Anakusalimu, anasema ameshamchagulia Delphie vitabu vitatu. Hazel anakusalimu. Burl naye anakusalimu, na anauliza kama bado unapenda gitaa. Sikumjibu, hilo ni lako. Mbusu mtoto utakapompata. Lipake goti mafuta niliyokutumia, usiyaweke kabatini kwa ajili ya wageni.

Ni mimi mdogo wako, kwa jina langu mwenyewe,

Ermalee