Farao wa Garland hana wa kumsomea

Shemeji Wakesho, hujambo huko Wundanyi? Hapa Garland jua linachoma hata kitasa cha mlango. Kanisa la Wakenya limenipa niwe Farao katika mchezo wa Jumapili. Wangempa nani mwingine, na mimi ndiye Mtaita niliyepata pasipoti ya Uingereza kwa kuigiza majukwaani London na kwenye sinema zao? Lakini wewe wajua kusoma kwangu ni kwa kukokota. Kila mchezo, marehemu dada yako alinisomea jikoni mpaka ukanikaa. Sasa ananisomea binti yetu Mghoi, nesi, tukiwa garini, mbio kama anasoma dawa za wagonjwa.

"Baba, concentrate, niko late!"

"Farao hakimbizwi," nikamwambia. Lakini halikuingia hata neno.

Jana mazoezini nilisimama mbele ya Musa, anayeigizwa na dereva mmoja wa lori, nikawa bubu. Wenzangu wakapiga makofi, wakidhani ndiko kuigiza kwenyewe. Nimekwisha, shemeji.

Usinipigie simu wiki hii. Sauti yako ni ya marehemu kabisa, nitakuomba unisomee, halafu nitalia mbele ya mtoto.

Mungu akutunzie hayo magoti yanayokusumbua.

Shemejio, Mwadime